Umemaliza na distenksio, milango tatu iko wazi: chuo cha serikali, chuo cha kanisa ao proje?

Kila mwaka deliberasio (vikao vya kutoa matokeo) zikiisha simu yangu haitulie. Wananiita CT, ni chef de travaux, gradi yenye kufuata asistanti: "CT bonjour, wananiomba nibakie asistanti ku fakilte, lakini kuko proje moja ya mihogo inanitafuta, na chuo kimoja cha kanisa nacho kinataka mtu, nifanye nini?" Huyo alikuwa kijana wa agronomi, kabla yake alikuwa dada mmoja wa afya, na kila mara najibu message ndefu mpaka vidole vinauma. Sasa naandika mara moja, mwingine akiuliza nitamutumia hii.

Mi nimefundisha ku chuo cha serikali miaka sita, kisha ku private miaka ine, na mke wangu anafanyaka kazi za proje tangu tuoane, kwa hiyo nyumba zote tatu nimekula ndani yake. Majina ya kule nilipita sitaweka.

Watu wote wanaanzaka na "wapi wanalipa muzuri?" Si swali mbaya, uko na kodi ya nyumba. Lakini kuko ingine nyuma yake: saa yako moja, nani anailipa? Saa ya kufundisha iko na mwenyewe, mwanafunzi analeta bordero (risiti) ya banki, primu (nyongeza ya mwalimu) inatokea pale, imeisha. Saa ya kusoma, ya kwenda tere (kukusanya data kwa watu), ya kukaa na data usiku wakati watoto wamelala, ile hakuna mutu analeta bordero yake. Inabidi itoke ku serikali, ao ku bayeri (mufadhili) wa ng'ambo, ao mu mufuko wako. Na ukishajua inatoka wapi unaweza kusema mbele ya wakati kama huyu mutu atakuwa mwalimu mwenye kuandika artikli moja kila miaka mitano, ao mutafiti mwenye wanafunzi hawajui sura yake.

Vitu nitaangalia kwa kila mulango ni hivi: franga zinatoka wapi na zinafika lini, saa zako zinaliwa na nini, utafiti wako unajibu swali la nani, gradi (cheo) na teze (ya doktora) vinapanda namna gani, na siku mambo yanaharibika nani anabaki na wewe. Sitapita kwa mustari, kwengine kuko mingi ya kusema, kwengine ni mistari miwili.

Kabla ya hapo, kidogo ya zamani, ju inaeleza mingi. Mu 1947 Wabelgiji walianzisha IRSAC, kituo cha utafiti, na nyumba yake kubwa ikajengwa Lwiro, pale njia ya Kavumu, ile leo inaitwa CRSN. Chuo kikuu cha kwanza cha Congo, Lovanium, kilikuja mu 1954. Unaona? Utafiti ulipata taasisi yake miaka saba mbele ya mwanafunzi wa kwanza kukaa mu oditwari. Kufundisha kulikuja peke yake, na bajeti yake. Mu 1971 vyuo vikubwa vitatu vikaunganishwa kuwa UNAZA, chuo kikuu kimoja cha nchi yote, mu 1981 vikaachana tena, na huku kwetu Bukavu vyuo vikaanza kuota wakati serikali yenyewe haina kitu: UCB ya wakatoliki mu 1989, UEA ya waprotestanti mu 1991, UOB ya serikali ikaanza mu 1993 kama tawi la Kisangani. Chuo chenye kuzaliwa mu myaka kama ile kinajifunza kuishi na minervali (franga za masomo) kabla ya kujifunza kingine. Si lawama, ni vile ilikuwa.

Mulango wa kwanza: chuo cha serikali

Franga ni za aina mbili. Kuko mushahara wa serikali, lakini paka kama uko mekanize, maana yake jina lako limeingia mu listi ya Kinshasa, na unaweza kufundisha miaka bila kuingia, wale wanaitwa "nouvelles unités" na nywele zinaanza kuwa nyeupe. Kisha kuko primu ya pale pale, yenye kutoka mu minervali. Hii ya pili njo inalisha watu kila mwezi, na yenyewe inafuata vichwa. Promosio (darasa la mwaka moja) ya wanafunzi 60 haina primu sawa na ya 400. Kwa hiyo hata kama rektere anapenda utafiti na roho yote, kitu chenye kushikilia nyumba ni idadi ya watu wenye kukaa mu viti.

Saa zako sasa. Nitakuonyesha siku moja tu. Mwezi wa pili fulani nilikuwa na kopi (karatasi za mitihani) za promosio ya kwanza, mia tatu na kitu, zimefungwa na kamba ya kiatu mu furushi tatu. Umeme hakuna. Nasahihisha na tochi ya simu nikiiweka mu glasi ya maji ili mwangaza usambae, hiyo nilifundishwa na mzee wangu wa ofisi, anasema yeye zamani alitumia mushumaa na akachoma kopi mbili. Tulikuwa na muswada wa artikli ulirudi kutoka kwa revi (jarida la kisayansi) na maswali ya wasahihishaji, wanatupa wiki sita. Wiki sita zikapita na kopi. Artikli ikakufa. Hakuna mutu alinikataza kuandika, na hakuna alinigombeza. Ilikuwa tu kwamba kopi zilikuwa na tarehe ya deliberasio na wanafunzi nyuma, na artikli ilikuwa na mimi peke yangu.

Na kuko mambo ya visiteri, walimu wenye kuja na kuenda. Prof anatoka muji mwingine, anamaliza kozi ya saa 45 ndani ya wiki moja, kuanzia asubui mpaka jioni, anaacha silabusi (maandishi ya kozi) kwa shefu wa promosio iuzwe, anaenda. Watu wanamucheka lakini angalia hesabu yake: mushahara hautoshe, kila chuo kinamulipa kwa saa, basi anakusanya saa. Mutu mwenye kufundisha mu vyuo vitatu hata akitaka atafanya utafiti wakati gani, mu pirogi ya kutoka kisiwa cha Idjwi?

Hapa sisi si wa pekee. Makerere kule Kampala, mwanzo wa miaka ya 1990, walifungua mulango kwa wanafunzi wa kujilipia, na kozi za jioni zikaja. Chuo kikapona kifedha, majengo yakapakwa rangi, lakini idadi ikapanda mbio kuliko walimu na kazi ya kufundisha ikala wakati wa utafiti. Mu 2019 serikali ya Uganda ikaanza kuwawekea mufuko wa utafiti peke yake, shilingi bilioni 30 kwa mwaka. Njo kitu napenda watu wakione: minervali iliponyesha chuo lakini haikulipa utafiti, ilibidi mufuko mwingine, wenye jina lingine, wenye hauguswe na primu.

Swali la utafiti wako: hapa njo chuo cha serikali kinashinda, na watu wanasahauka kusema. Ju hakuna mwenye kukulipa, hakuna mwenye kukuambia uchunguze nini. Mwenzangu mmoja wa historia alikaa miaka na mizee ya Kabare akiandika habari za mashamba ya kinina na thé, hakuna bayeri angelipa ile. Alilipa moto (pikipiki) mwenyewe, na sukari na sabuni za kupelekea wazee. Ni uhuru wa masikini lakini ni uhuru.

Gradi: asistanti, CT, prof asosie, na kuendelea, njia inajulikana na gradi yako inakubalika kila fasi mu nchi. Ila kupanda kunaomba machapisho na teze, na chuo chenye kinakuomba teze njo hicho hicho kinakula saa za teze. Wengi wanabaki CT mpaka pensheni.

Siku mbaya: grevi (mugomo), na tangu mwezi wa pili 2025, ju ya vita, banki za Bukavu zilifunga, mushahara wenyewe ukawa habari ya kutafuta njia. Lakini nafasi yako haifutike. Unaweza kukaa miezi bila kulipwa na bado ni asistanti. Sijui kama hiyo ni sifa ao kilio.

Mulango wa pili: chuo cha kanisa, ao private mwenye nguvu

Minervali iko juu, promosio ni ndogo, na serikali hailipe mushahara. Hapa mwanafunzi ni karibu mulipaji peke yake, na utafikiri basi ni kufundisha tu. Kumbe si hivyo kila mara. Vyuo vikubwa vya kanisa huku viliingia mapema mu ushirikiano na Wabelgiji wa VLIR-UOS (ushirikiano wa vyuo vya Flanders) na wengine, na ushirikiano ukija unaleta bursi za doktora, kompyuta, gari ya tere, na intaneti yenye inafungua artikli. Upande wa afya pia, UEA iko na hospitali ya Panzi karibu yake, ile ya daktari Mukwege mwenye alipata Nobel mu 2018, na hospitali yenye kuona wagonjwa kila siku ni shamba la utafiti hata bila proje kubwa.

Lakini angalia ndani. Ile neema haigawanyike sawa. Mu nyumba nilipita mi tulikuwa aina mbili za walimu tukikunywa chai mu sale moja. Kuko wenye proje, kozi zao zinapunguzwa ao zinapewa asistanti, wanaenda Ulaya miezi mitatu wanarudi na koti mupya. Na kuko sisi wenye kubakia, wenye kuchukua zile kozi. Siku moja nilipewa kozi ya takwimu ya mwenzangu siku ya ine, nianze siku ya kwanza yenye kufuata. Si chuki, ananilipa bia mpaka leo. Lakini wanafunzi waliona: jina ku horeri (ratiba ya kozi) ni la prof mwenye kujulikana, mutu mu oditwari ni mwingine.

Horeri huku inaheshimiwa. Ukikosa saa mbili wanaandika, na mwisho wa kozi wanafunzi wanakupima mu karatasi, kwa hiyo wale wenye kupenda kufundisha watajisikia muzuri, silabusi ya mwaka 1994 yenye kuandikwa na mashine haipite. Saa za kutayarisha zinakuwa mingi lakini kopi zinakuwa 45, unazisahihisha posho moja (siku ya sita) na yenga (siku ya Mungu) unapumzika.

Swali la nani? Nusu lako, nusu la mushirika. Barua ya proje inakuja na mada tayari: uongozi wa ardhi, lishe, madini, migogoro. Ukiwa na akili unaingiza swali lako ndani ya lao sawa kupitisha mbegu mu gunia ya maharagi. Teze zinatoka haraka kuliko ku serikali, hiyo nimeiona na macho, ila zinatoka kwa wale wa kundi la kwanza.

Siku mbaya: ni kontra (mukataba). Wazazi wakikosa franga, kama vile tangu 2025 biashara ilivyoanguka na watu walivyokimbia, mushahara unakatwa nusu ao unachelewa, na hakuna Kinshasa ya kulaumu.

Mulango wa tatu: kituo cha utafiti ao proje

Mke wangu ananiambia niandike hii kwa heshima, basi. Franga ni muzuri, zinakuja kwa dola, na zinakuja kwa tarehe. Kuko perdiem ya tere. Kwa asistanti mwenye amezoea primu, mushahara wa kwanza wa proje ni kama kupona malaria.

Saa zote ni za utafiti, lakini usifikiri ni utafiti wako. Unaamuka saa kumi na moja, moto mpaka Walungu, tableti mu mufuko, maswali 140 kwa kila nyumba, na mama mwenye unamuuliza "umekula mara ngapi jana" anakuangalia kama mupumbavu ju anakuona vile uko unaangalia sufuria yake. Mke wangu amefanya ankete nyumba kwa nyumba mpaka anajua njia za Walungu kuliko madereva. Maswali yaliandikwa mbali. Data inapanda ku serva usiku, na hesabu inafanywa mbali pia. Artikli ikitoka, mara jina lake liko ku mustari wa asante, mara liko kati ya waandishi, inategemea alizungumza nini siku ya kusaini. Sasa hivi anasaini paka na sentensi moja ndani ya kontra: nani atakuwa mwandishi, na data nitatumia ku teze yangu ao hapana. Ombeni hiyo sentensi, ndugu zangu. Wengi wanakubali, hawakukatalie, ulikuwa hujauliza tu.

Kufundisha hakuna. Wengine wanafurahi. Lakini baada ya miaka mitano unakuta hujamufundisha mutu hata mumoja kazi unayoijua, na gradi haipande ju proje haina gradi. Ukirudi ku chuo, wanafunzi wako wa zamani ni CT na wewe unaanza asistanti.

Na mwisho una tarehe. Pale Goma tuliona vile inaweza kuuma: kituo cha kuchunguza volkano, OVG, musaada wa Banki ya Dunia uliisha mu 2020, kazi ya kuchunguza ikadhoofika, na tarehe 22 mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ikatoka. Sisemi pesa ingezuia mulima. Nasema chombo cha kupima muda wote kiliwekwa juu ya franga zenye zina mwisho. Lwiro ni mfano wa upande mwingine: majumba mazuri, watafiti wa serikali wenye gradi zao, na utafiti wenyewe unasubiri mushirika. Kituo cha sokwe pale, kilichofunguliwa mu 2002, kinaishi ju ya watu wa ng'ambo wenye kupenda sokwe. Wadudu na udongo hawana wapenzi wengi vile.

Kitu kingine cha kuuliza chuo chenye kinakaribisha proje: asilimia ya chuo ni ngapi? Umoja wa Ulaya mu programu yake ya Horizon Europe unaongeza 25% juu ya gharama kwa ajili ya umeme, ofisi, mhasibu, vitu hivyo. Bayeri wengine hawatoi karibu kitu. Kama hawatoi, basi jenereta ya labo inalipwa na nani? Na minervali. Mwanafunzi wa promosio ya kwanza analipia mafuta ya proje ya mutu mwenye hatamufundisha kamwe, na hakuna mwenye aliamua hivyo.

Mulango wenye haupo huku, lakini mutasikia watu wakiutamani

Ni serikali kulipa utafiti kwa matokeo. Afrika Kusini wanahesabu hivi: artikli ku revi yenye kutambuliwa ni pointi 1, ikigawanywa kama waandishi ni wa vyuo tofauti, mwanafunzi wa masta ya utafiti akimaliza ni 1, wa doktora ni 3, na kila pointi inakuwa franga kwa chuo, pembeni ya zile zenye kufuata idadi ya wanafunzi na wenye kumaliza. Artikli ziliongezeka sana. Ziliongezeka pia zile zenye kukatwa vipande, utafiti mumoja artikli tatu, na zile za revi za kulipia zenye hazisome kitu. Uingereza walianza kupima utafiti mu 1986, kipimo cha mwisho kilikuwa mu 2021, na kufundisha kunalipwa zaidi na mwanafunzi, pauni 9,000 kwa mwaka tangu 2012 na zaidi kidogo leo. Matokeo yake ni kwamba walimu wengi sasa wanaandikwa kwa kufundisha tu, ju mutu bila machapisho ya nguvu haisaidie chuo mu kipimo. Kwa hiyo hata kule kwa wenye pesa, watu wanagawanyika sawa sisi mu sale ya chai. Nikichagua kati ya zote ningechukua ile ya Kampala, mufuko kando, lakini hakuna mutu ananiuliza.

Sasa, wewe uko wapi?

Uko na mada yako tayari, yenye inakuwasha, na uko na mahali pa kulala bila kodi (kwa wazazi, kwa dada): serikali inaweza kukufaa, uhuru ni mukubwa, lakini omba uwekwe ku promosio za juu zenye kopi kidogo, na uliza mbele ya kila kitu kama nafasi ni mekanize ao ni ahadi.

Unataka doktora mbele ya miaka 35: kanisa, lakini usiulize "muko na ushirikiano?", wote watasema ndiyo. Uliza asistanti wangapi wa miaka mitano iliyopita wamemaliza teze, na wako wapi. Kama wanakutajia majina haraka, keti. Kama wanaanza kueleza maono ya chuo, kunywa chai yao na uende.

Uko na familia ya kulisha mwezi huu: chukua proje, usione haya, kusaini miaka miwili haikuui. Weka ile sentensi ya data na jina, na ubakie na kozi moja ndogo fasi fulani ili uzi wa chuo usikatike, saa 30 za posho posho zinatosha.

Unapenda kufundisha kuliko vyote, na utafiti unakuchosha: usijifiche. Private yenye promosio ndogo itakuthamini, ISP na taasisi zingine za ualimu pia. Ujue tu kwamba kupanda gradi kutaomba karatasi zenye hupendi kuandika, na panga moja kila miaka miwili na mwenzako mwenye kupenda tere.

Mama na papa wenye kusoma hii kwa ajili ya mutoto: nyinyi angalieni horeri, si ukuta wa chuo. Jina la prof ku horeri, ni yeye anaingia? Anaingia wiki moja kwa mwaka ao kila wiki? Ulizeni wanafunzi wa promosio ya pili, pale inje penye wanakopi silabusi, watawaambia bure.

Na wewe mwenye ulishasaini tayari na unajuta, usikimbie kwanza, jaribu hii: chukua siku moja kwa wiki na uwaambie kwa maandishi, horeri isiiguse. Yangu ni siku ya ine. Simu naiachia mutoto wangu mudogo achezee, akimaliza charji ni saa kumi na mi nimeandika kurasa mbili.